Ramani ya hatari Mombasa: nani aichore, na ibaki mikononi mwa nani?

Chini ya mpango wa kitaifa wa FLLoCA, unaofadhili miradi ya tabianchi mashinani, kila kaunti ya Kenya hutakiwa kwanza kuandaa tathmini shirikishi ya hatari: wananchi waulizwe wanaumia wapi, lini na kwa nini. Katiba nayo, kifungu cha 69, inaitaka Serikali ihimize ushiriki wa wananchi katika kulinda mazingira. Kwa kaunti kama Mombasa, yenye wadi 30, utaratibu huu ni hatua kubwa. Ninachohoji ni kama mwananchi huulizwa kweli, au huhudhuria tu.

Hoja ya kumuuliza ina uzito. Chukua mafuriko. Mvua ya masika ikinyesha wakati wa maji mafu, bahari isipojaa sana, mtaro ambao haujaziba huweza kuyatoa maji hadi baharini. Mvua ileile ikikutana na bamvua, bahari ikiwa imejaa, maji hayana pa kwenda. Yanarudi nyuma na kuingia majumbani, pengine kupitia chooni kabla ya mlangoni. Anayeishi Moroto, kule Tudor ukingoni mwa bahari, ana sababu ya kuuhesabu mwezi kama mvuvi anavyouhesabu. Mtaalamu aliyebeba takwimu za mvua pekee atapata milimita, asipate saa. Akiwasikiliza akina mama ataongezewa jambo ambalo hakuliuliza: siku ya mafuriko ndiyo siku ya kukosa maji, maana kisima kimeingiwa na uchafu na mkokoteni wa mitungi haupiti.

Hata hivyo, ziko hatari ambazo baraza haliwezi kuziona. Owino Uhuru, mtaa wa mabanda hapa Mombasa, ni ushahidi. Wakazi waliuona moshi wa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari, wakaona watoto wao wakiugua. Lakini kilichothibitisha kwamba ni sumu ya madini ya risasi ni vipimo vya damu. Anayesema wananchi wanatosha peke yao ajibu hilo. Na anayesema maabara inatosha akumbuke kwamba bila Phyllis Omido, aliyefanya kazi kiwandani humo na mwanawe akaugua, na bila majirani waliokataa kunyamaza, huenda damu hiyo isingepimwa. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, rufaa ikaiondoa, hadi Mahakama ya Juu ilipoirejesha Desemba 2024. Miaka yote hiyo watu wanasubiri na sumu ikiwa mwilini.

Tena mtaa si sauti moja. Baraza la saa nne asubuhi humkosa kibarua aliyeko bandarini na mama aliyeko kwenye biashara yake. Wanaobaki ni wazee wa mtaa na wenye nyumba, na mwenye nyumba hana haraka ya kutaja choo kibovu cha wapangaji wake. Kasoro hizi zinarekebishika: mkutano wa jioni, kikao cha wanawake peke yao, kuzunguka mlango kwa mlango.

Isiyorekebishika kwa urahisi ni hofu. Mombasa ina nyumba nyingi zilizojengwa juu ya ardhi ya mtu mwingine. Baada ya mafuriko ya 2024, Serikali iliamuru watu wahame kingo za mito, na Nairobi tingatinga zikabomoa makazi ya maskini. Aliyeyaona hayo, akiulizwa na mgeni mwenye kalamu kama maji humfikia kitandani, atapima maneno. Akisema kweli, nyumba yake inaweza kuingia kwenye orodha ya kubomolewa. Akipunguza, tathmini itaandika kwamba hali si mbaya sana. Naona hapa ndipo ushirikishwaji wetu unapofeli, na wala si kwa sababu wakazi hawakufundishwa vya kutosha.

Kwa hiyo dhamana itangulie maswali: iandikwe kwamba taarifa za mtaa hazitatumika kumfukuza mtu bila makao mbadala. Nakala ya ramani ya hatari inayotokana na tathmini hiyo ibaki kwa kamati ya wadi, kwa Kiswahili, si ofisini tu. Vipimo vya maji, udongo na damu vifanywe pale wakazi wanapoonyesha, na majibu yarudishwe kwao. Na bajeti ikitoka bila mtaro ulioombwa, afisa aje barazani aeleze nani aliuondoa, na kwa nini.