Kabla ya Yeremia 29:11 kuna 29:10

Yeremia 29:11 ni mstari unaopendwa mno. Upo kwenye kadi za harusi, kwenye kalenda, kwenye mahubiri ya mkesha wa mwaka mpya: Bwana anatuwazia mawazo ya amani, wala si ya mabaya. Mstari wa 10 sijawahi kuuona kwenye kadi. Huo unasema ahadi yenyewe itatimia Babeli ikishatimiza miaka 70. Mistari yote miwili imo katika barua ambayo nabii Yeremia aliwaandikia Wayahudi waliochukuliwa mateka Babeli.

Sabini! Mtu mzima aliyesomewa barua ile uhamishoni alielewa mara moja kwamba watakaorudi ni wanawe na wajukuu.

Sura moja nyuma yupo nabii Hanania, na ndiye mwenye habari tamu. Hekaluni, mbele ya makuhani na watu wote, alitangaza kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya nyumba ya Bwana, mfalme na mateka wote watakuwa wamerudi. Akaitoa shingoni mwa Yeremia nira aliyoivaa kama ishara ya utawala wa Babeli, akaivunja hadharani. Biblia haisemi kama umati ulishangilia, lakini nani asingeshangilia? Hata Yeremia aliitikia "Amina", Bwana na afanye hivyo. Ila Hanania hakuwa ametumwa, na mwaka uleule akafa.

Ndiyo maana sivumilii madhabahu inapompangia Mungu tarehe. "Mwaka huu hauishi hujaolewa, pokea!" Watu wanapokea kwa kelele, mwaka unakatika, na lawama zinamwangukia aliyeombewa: imani yake ilikuwa haba. Huo ni ukatili. Aliyetaja tarehe ndiye wa kuulizwa.

Tena barua ya Yeremia haikuwaambia wakae wanahesabu miaka. Iliwaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuoza, hata wauombee amani mji uliowateka. Kwa hiyo dada anayemwomba Mungu mume akaamua kurudi shuleni au kununua kiwanja kwa jina lake hajapungukiwa imani, waseme wasemavyo.

Yeremia mwenyewe alifanya jambo kama hilo. Jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu, yeye yuko kizuizini katika uwanja wa walinzi, na bado akanunua shamba la binamu yake kule Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Hati ikaandikwa, ikatiwa muhuri mbele ya mashahidi, fedha ikapimwa kwenye mizani. Akaagiza hati iwekwe kwenye chombo cha udongo ili idumu siku nyingi. Kibiashara ni wazimu mtupu.

Ninachokipenda zaidi ni kilichofuata. Alipokwisha kumkabidhi mwandishi wake Baruku hati, ndipo akaanza kuomba, na maombi yake yanaishia kwenye mshangao: mji umetiwa mikononi mwa Wakaldayo (ndio hao Wababeli), nawe umeniambia ninunue shamba? Alilipa kwanza, akauliza baadaye. Na hatusomi popote kwamba alililima, maana mwishowe Wayahudi wenzake waliosalia walimchukua wakaenda naye Misri.