Mzigo Umekwama Forodhani

Sisi Tanga, shule ikifungwa imefungwa. Daftari unalitupa juu ya kabati, unateremka zako Raskazoni kuogelea, mtaonana nalo kengele ikilia tena. Huku Houston shule inafungwa mwisho wa Mei lakini inamfuata mtoto mpaka nyumbani, kama mwenye duka anayekudai. Binti yangu Zuhura anaingia darasa la 11, mwaka wa fasihi ya Kimarekani. Akarudi na karatasi: riwaya mbili, nukuu 20 na maelezo ya kila nukuu, insha ya aya tano, herufi saizi ya 12, mistari iachiane. Yote yawe mezani kwa mwalimu siku ya kwanza ya shule, katikati ya Agosti. Mama Zuhura akaibana karatasi kwa sumaku kwenye mlango wa friji, kila mtu aione.

Sikuwa na neno mpaka nilipotumwa vitabu. Maktaba, nakala zote zimeazimwa, maana mji mzima watoto wamepewa kitabu hichohicho. Nikakipata cha mtumba, dola 4: The Scarlet Letter cha Nathaniel Hawthorne, cha mwaka 1850. Aliyekuwa nacho kabla yetu alikuwa mwanafunzi na yeye, maskini. Amepaka kalamu ya njano kila ukurasa, pembeni kaandika "ishara!", mbele kidogo "ishara?", halafu ukurasa wa 31 njano inakatika katikati ya sentensi. Kuanzia hapo ni weupe mtupu mpaka jalada la nyuma.

Nikasema acha nisome, nimsaidie mtoto. Nafungua utangulizi, nakutana na nini? Forodha! Wallahi. Mimi nimekula miaka tisa bandarini Tanga nikiwatolea watu mizigo, na huyu bwana naye kumbe alikuwa mtu wa forodha, mji wa Salem, akafukuzwa mwaka 1849 serikali ilipobadilika. Kaeleza jengo lilivyo, gati limechakaa, meli hazionekani, wazee wa ofisi wameegemeza viti ukutani wanakoroma. Nikacheka peke yangu jikoni. Wale wazee nawajua! Yupo mmoja kazi yake ni kukumbuka milo. Anaweza kukutajia nyama aliyokula miaka 60 nyuma, na msiba mkubwa wa maisha yake ni bata bukini mmoja aliyekuwa mgumu mezani, kisu kikashindwa, ikabidi atafutiwe shoka na msumeno. Huyo ukimpelekea fomu saa nne asubuhi anakwambia rudi baada ya chakula.

Na yule mwanafunzi wa kalamu ya njano nikaelewa yaliyomkuta. Hajatoka forodhani mpaka leo.

Usiku wa tatu ndio nikaifikia hadithi yenyewe. Mama wa watu, Hester, Boston ya zamani, anatolewa hadharani na mtoto mkononi, kifuani ana herufi A imetariziwa kwa uzi wa dhahabu. Nikamwambia Zuhura, mashallah, huyu kafaulu. Akanitazama. "Baba, hiyo A ni ya 'adultery', uzinifu." Na aliyezini naye ni mchungaji, yupo hapohapo mbele ya watu, kanyamaza.

Sasa Zuhura anasoma na vile vikaratasi vya njano vya kunata. Kila wazo lina kikaratasi chake. Viko kwenye kochi, kwenye rimoti, kimoja nimekikuta kwenye kandambili. Jumatano moja nikaenda kazini shifti ya usiku, ghalani. Naona leo watu wapole. Supavaiza, ambaye hajawahi kuniuliza hata jina la nchi yangu, akanivuta pembeni akaniambia nikihitaji mtu wa kuongea naye, yeye yupo. Saa tisa usiku Mkongo mmoja akanibandua kitu mgongoni kwenye kizibao cha rifleta. Kimeandikwa kwa Kiingereza, kwa mwandiko wa mwanangu, herufi kubwa: DHAMBI YA SIRI INAMLA NDANI KWA NDANI.

Saa tano nzima nimezunguka nayo! Hester walau alijua amevaa nini.

Riwaya ya pili ni The Great Gatsby, ya mwaka 1925. Hiyo fupi, sina ugomvi nayo, ila swali la insha lilikuwa eleza ile taa ya kijani inayoonekana ng'ambo ya maji. Nikasema hili ni langu. Taa ipo mwisho wa gati, na taa ya gati inawekwa vyombo visigonge usiku. Andika hivyo, funga daftari. "Baba, ni ndoto ya huyo Gatsby." Ndoto gani wakati ni taa? Nikamwambia basi fuata mfumo tuliosomea sisi: fani na maudhui, dhamira, ujumbe, umalizie na kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Unaandika "mwandishi amefanikiwa kwa kiasi kikubwa" na alama zako unapata, hata kitabu hujakifungua. Akasema huku mwalimu anataka hoja yako mwenyewe, mwisho wa aya ya kwanza. Mtoto wa miaka 16 atoe hoja yake mwenyewe, na mimi humu ndani mwaka wa nane sijawahi kuulizwa yangu.

Usiku wa mwisho printa ikagoma wino, nikaendesha gari saa nne usiku kutafuta pa kuchapisha kurasa sita. Sitaki kusema zaidi.

Wiki ya kwanza wakapewa na mtihani. Karudi, hata begi hajatua, nikamuuliza: forodha ilitoka? Maana nilikuwa nimemwandikia kurasa mbili nzima kwa mkono, za yule mzee wa bata bukini, na namna bandari inavyokufa.

"Forodha gani, Baba? Mwalimu alisema utangulizi tuuruke."

Lini? Akanionyesha friji kwa kidole. Nikasogea. Karatasi bado ipo, sumaku yake ipo, mstari wa tatu, wino mzito. Toka Mei nafungua mlango ule kila siku kuchukua maji.