Njaa ya ndege wetu haiji na theluji

Mzee jirani yangu hapa Uyole, Mbeya, alikulia Usangu, na sehemu kubwa ya utoto wake iliishia dunguni akiamia ndege kwenye mpunga. Siku aliponikuta nimetundika kopo la alizeti kwenye mparachichi nyuma ya nyumba, alisimama uzioni, akawatazama shomoro wakigombania nafasi, kisha akauliza: "Baba Neema, siku hizi wezi unawalipa mshahara?"

Nilicheka, lakini swali lake lilibaki. Kwa watu wa Mbarali, wilaya ya huko Usangu, ndege si pambo. Kwelea-kwelea mmoja anakula kama gramu 10 za nafaka kwa siku, kiasi ambacho ukikiweka kiganjani unaweza kukipuliza kikaisha. Shida haji mmoja. Kundi la ndege milioni moja linapiga tani 10 kwa siku, na makundi ya ukubwa huo yapo. Ndiyo maana serikali imekuwa ikituma ndege ya kunyunyizia sumu jioni, kwelea-kwelea wanapokusanyika kulala, sumu ambayo haichagui: mwewe na bundi wanaookota mizoga nao wanakufa. Mtu aliyekuwa akiamshwa alfajiri kwenda kupiga madebe na kurusha kombeo, leo umwambie unanunua chakula cha ndege, atajua tu kwamba hujawahi kulala njaa.

Hata hivyo mashtaka yake yanawahusu ndege wengine. Wanaokuja kwenye kopo langu si kwelea-kwelea. Ni shomoro, mnana, chiriku, tetere wawili watatu wanaookota chini, na shorewanda wanaopita kuangalia kama kuna papai limeiva. Hao wapo uani uwalishe usiwalishe. Kopo haliwaleti kutoka Usangu, linawasogeza tu kutoka ua wa jirani. Pengine hilo ndilo lililomuudhi mzee, kwa sababu baada ya alizeti walikuwa wakivuka kwenda kujaribu mtama wake wa mstari mmoja.

Kwa hiyo swali linalonisumbua mimi ni jingine: desturi hii tumeichukua ikiwa nzima, au tumechukua kopo tukaacha sababu yake?

Ulaya na Marekani wanalisha ndege uani kwa sababu ya baridi kali. Ardhi ikiganda na theluji ikifunika mbegu, ndege mdogo ana saa chache za mchana kupata chakula kitakachomvusha usiku. Ushauri karibu wote unaosambaa mtandaoni umejengwa juu ya kalenda hiyo: anza majani yakipukutika, ongeza mafuta miezi ya baridi, punguza majani yakichipua. Mtu wa Mbeya akiusoma, anafikiri mara moja Juni na Julai, miezi ambayo tunavaa makoti na watu wa Kitulo wanaamkia umande ulioganda. Basi ananunua alizeti Juni.

Juni ndiyo mwezi wa shibe. Mvua zimekatika, majani yote ya porini yamekomaa na kumwaga mbegu, mahindi yamevunwa na punje zimebaki mashambani, ulezi unapurwa. Ndege anayekula nafaka katika nyanda hizi hana mwezi mzuri zaidi ya huo. Njaa yake inakuja kutoka upande ambao hatuutazamii: inakuja na mvua. Kiangazi kizima ndege wamekuwa wakiokota akiba ile ile iliyoanguka chini, inapungua Agosti, inapungua Septemba. Kisha mvua za Novemba zinanyesha, na mbegu zote zilizobaki ardhini zinaota ndani ya siku chache. Ghala linageuka majani mabichi. Majani mapya hayazai mbegu mpaka zipite wiki sita hadi nane. Kwelea-kwelea wenyewe wanahama kwa sababu hiyo hiyo: wanaikimbia mvua ya kwanza, wanakwenda ambako ilitangulia na majani yameshakomaa.

Wiki hizo, sisi tunapanda mahindi. Kunguru anafukua mche wa jana, tunamrushia mawe na kumwita shetani.

Si ndege wote wanaoteseka Novemba, lazima niseme. Mvua hiyo hiyo inatoa kumbikumbi na viwavi, na mnana na shomoro wanawalisha makinda wao wadudu, si nafaka. Wanaotetea kuwalisha ndege hupenda kusema tukiwavuta uani watatumalizia viwavijeshi kwenye mahindi. Wanakula wengine, ndiyo, lakini sijaona shamba lililookolewa na shomoro, na nadhani hoja hiyo inapaswa kuachwa ilale. Anayebanwa kwelikweli ni tetere na jamaa zake. Huyo ni wa nafaka mwanzo mwisho. Hata kinda lake analilisha maziwa yanayotengenezwa kwenye gole, kile kifuko cha chakula shingoni, na maziwa hayo yanatokana na punje alizookota.

Sasa hapo hoja yangu inajigonga yenyewe. Tetere, anayehitaji msaada kuliko wote, ndiye anayebeba ugonjwa kuliko wote.

Kuna kimelea kinaitwa trikomonasi. Kinakaa kooni mwa njiwa na tetere, mara nyingi bila kuwaua, na kinahamia kwa wengine kupitia mate yanayobaki kwenye chakula na maji. Mwaka 2005 huko Uingereza kilionekana kimehamia kwa jamii ya chiriku, na aina moja ya chiriku, wa kijani, iliyokuwa ya kawaida kabisa kwenye bustani zao ikapungua kwa zaidi ya nusu. Wanaopenda ndege ndio waliokuwa wakiwakusanya mezani kwao wagonjwa na wazima pamoja. RSPB, chama cha kulinda ndege cha nchi hiyo kilichoanzishwa 1889, mwaka 2025 kilisitisha kuuza meza bapa za kulishia, zile ambazo ndege anasimama juu ya chakula na kukinyea. Marekani nako, mwaka 2021, watu wa majimbo ya magharibi waliombwa washushe vyombo vyao kwa sababu ya ugonjwa wa salmonela. Kama waliozoea kazi hii kwa zaidi ya karne wanajikuta wakisambaza maradhi kwa mkono wa huruma, sisi tunaoanza jana tuna haki ya kuogopa.

Na sisi tuna kitu ambacho bustani nyingi za London hazina: kuku wanaorandaranda. Uani kwangu, kopo lilikuwa hatua nne kutoka bandani. Punje zilizodondoka kuku walizifuata, na mizunguko ya siku nzima ikawa tetere na kuku wanadonoa pamoja. Septemba moja kideri, yaani mdondo, kilipita mtaani, nikazika kuku kumi na mmoja. Siwezi kuapa kwamba ni ndege wa porini; mdondo mara nyingi unaingia na kuku aliyenunuliwa mnadani, au na viatu vya mtu aliyetoka kwenye banda lenye ugonjwa, na mimi wiki ile nilikuwa nimeleta jogoo. Lakini njiwa na tetere wanaweza kuambukizwa kirusi hicho, na mimi nilikuwa nimewaandalia karamu ya pamoja. Chanjo ya tone jichoni, ile ya kila miezi mitatu, nilikuwa nimeiruka. Kopo, jogoo, chanjo. Mke wangu ana orodha yake, na jina langu liko juu ya yote matatu.

Ndiyo maana kwa mwenye kuku wasiochanjwa na wasiofungiwa, jibu langu ni fupi: usitundike chochote. Faida ya kuwaona chiriku asubuhi haifiki thamani ya mtetea mmoja anayetaga.

Kwa asiye na kuku, au mwenye banda la kufunga, kazi inawezekana, na chombo cha bei si lazima. Chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyotobolewa na kupitishwa vijiti inatosha kwa shomoro na chiriku. Kunguru hapati pa kusimama, na chakula hakikanyagwi. Kwa kuwa tumeshakubaliana msimu wake ni wa mvua, iwe na paa, hata kipande cha bati, na matundu chini ya kutolea maji. Tetere hatumii chupa. Yeye mwagie konzi moja ya mtama au uwele kwenye ardhi kavu inayopigwa na jua, kiasi cha kuisha ndani ya nusu saa, na kesho umwage pengine. Trikomonasi haivumilii ukavu. Kinachobaki jioni fagia, vinginevyo unawalisha panya, na panya wakizidi nyoka naye ataulizia njia.

Kuosha ndiko kunakowashinda wengi, mimi mwenyewe nikiwamo. Mara moja kwa wiki: toa makapi, sugua kwa sabuni, loweka kwenye maji yenye jiki, sehemu moja kwa tisa, suuza, anika juani mpaka kikauke kabisa. Ukimwona ndege amejivimbisha manyoya, anashindwa kumeza, mate yanamtoka, shusha kila kitu wiki mbili au zaidi. Wasipokula kwako watatawanyika, na hilo ndilo unalolitaka.

Kwenye chakula tuna bahati na tuna mitego. Alizeti, ambayo wenzetu wanaiuza kwenye vifuko kama kitu cha anasa, Iringa na Mbeya inauzwa kwa debe. Lakini karanga na mahindi yaliyoota ukungu, yale ambayo mtu anasema "haya tuwape ndege," ndiyo ya kutupa. Mwaka 1960 Uingereza ilipoteza batamzinga zaidi ya 100,000 waliolishwa mashudu ya karanga yenye ukungu, na ni kutokana na vifo hivyo dunia ikaijua sumukuvu. Mbegu ya dukani iliyopakwa dawa, iwe ya rangi gani, isiguse kopo. Parachichi, na hapa Rungwe na Njombe yanadondoka mpaka yanaozea chini, lina sumu iitwayo persini iliyowahi kuua kasuku na kanari wa kufugwa. Weka papai au pera badala yake. Ugali mkavu unachacha. Chumvi hapana.

Kuna wanaosema mjadala wote wa kopo ni wa bure, panda mimea tu. Nawaelewa, na kwa upande wa chozi, yule ndege mdogo anayefyonza utamu wa maua, wana haki kamili. Chozi hali alizeti. Ukimwekea shubiri mwitu, au ukiacha ua la mgomba lining'inie bila kulikata, atakuja kila asubuhi na hutaosha kitu. Ila mche wa leo haumlishi tetere wa Novemba hii, na wapangaji wengi wa Mwanjelwa hawana hata pa kupanda mchicha. Mimi ningeanza na maji. Kuanzia Agosti mpaka mvua, sahani ya udongo yenye maji yasiyozidi kina cha kidole, yanayobadilishwa kila siku, inaleta ndege wa aina nyingi kuliko nafaka, hata wale wa wadudu na matunda, na haimwibii mtu mtama.

Tatizo ambalo sijalipatia dawa ni manati. Kopo lenye ndege thelathini barabarani ni darasa la shabaha. Nililihamishia nyuma ya nyumba, watoto wa mtaa wakahamia nyuma ya nyumba. Mwishowe nilimkabidhi kinara wao kazi ya kuosha chupa kila Jumamosi, kwa ujira wa andazi moja, na manati imepungua siku za Jumamosi.

Mzee bado anaona alizeti ni uchizi. Lakini Oktoba iliyopita niliona gae la chungu chini ya bomba lake, limejaa maji, na shorewanda akioga ndani. Nilipomtania kuhusu mshahara alisema lile ni la mbuzi. Mbuzi aliwauza mwezi wa nane.