Kabla hujanunua Portra, angalia jua la Dar na mfuko wako

Vijana wengi hapa mjini wamerudi kwenye kamera za filamu, mwingine kaikuta kabatini kwa babu yake mwingine kanunua ya mtumba, na swali linakuwa lilelile, ninunue filamu gani? Na hujajibu bado, ashakutajia Portra 400, filamu ya rangi ya Kodak, manake ndo anayoiona Instagram kila siku. Mi msimamo wangu uko tofauti kidogo. Kama unaanza na uko Dar, nunua nyeusi na nyeupe ya iso 400 (iso ni wepesi wa filamu kunasa mwanga, namba ikipanda inahitaji mwanga kidogo), iwe HP5 Plus ya Ilford au Fomapan ya Wacheki kama hela imebana, halafu ujifunze kuisafisha mwenyewe nyumbani. Rangi itakuja tu.

Tuanze na hela, manake hapa watu wengi wanapiga hesabu nusu. Bei ya mkanda ni mwanzo, kuna kusafisha, kuna kuskani, kuna gharama ya kuufikisha huku kama umeagiza nje, sasa jumlisha vyote ugawe kwa 36, yaani picha za mkanda mmoja, hiyo ndo bei ya kila ukibonyeza. Portra nzuri, sibishi, rangi ya ngozi inatoka laini mno. Ila kama bei yake inakufanya mkanda ukae ndani ya kamera miezi na miezi unasubiria harusi ya mtu, hiyo bado sio filamu yako, kupiga picha kunajifunzwa kwa kupiga jamani. Ukitaka rangi lazima, Kodak haohao wana Gold 200 na ColorPlus 200, bei iko chini kuliko Portra na kwa jua letu la mchana iso 200 inatosha na kubaki.

Na hilo jua lenyewe watu hawalifikirii kabisa wakati wa kuchagua. Kuna kanuni ya zamani, jua likiwaka weka lenzi f/16 (tundu dogo la kupitisha mwanga) na kasi ya shata iwe karibu sawa na iso yako, yaani kwa iso 200 ni kama 1/250 ya sekunde. Kwa iso 400 ushafika 1/500, na kamera nyingi za zamani kasi zao zinaishia hapo au 1/1000, sasa mtu anakuja na filamu ya 800 saa sita mchana Coco Beach anategemea nini? CineStill 800T nayo wanaipenda sana lakini asili yake ni filamu ya sinema ya Kodak iliyotengenezwa kwa mwanga wa taa za ndani, halafu ikaondolewa lile tabaka jeusi la mgongoni, na kwa kuwa tabaka hilo halipo ndo maana taa zinatoka na wekundu umezizunguka. Hiyo ipeleke Kariakoo usiku.

Tatizo la Dar mchana ni kwamba mwanga na kivuli vimeachana mbali mno. Mama kakaa chini ya mwembe, nyuma yake ukuta mweupe unawaka, na sisi ngozi zetu nyeusi, kamera ikipima ukuta uso wa mama unapotea. Pima usoni! Filamu ya negativu mwanga ukizidi kidogo inavumilia, ukipungua ndo vivuli vinajaa chenga na rangi inakuwa kama tope. Kwa hiyo HP5 mi naipimia kama ni iso 200 nikiwa kwenye kivuli, ipate mwanga zaidi, na haijawahi kuninyima uso wa mtu. Zile za slaidi (zinazotoa picha yenyewe badala ya negativu) kama Velvia 50 au Ektachrome E100 hazina uvumilivu huo hata kidogo, sikushauri uanze nazo.

Sasa kwa nini nang'ang'ania nyeusi na nyeupe. Kwa sababu unaimaliza bafuni kwako. Rangi inataka dawa iwe nyuzi 38, dakika tatu na robo, na joto likicheza kidogo tu rangi zinakwenda kombo. Nyeusi na nyeupe vipimo vyake vimeandikwa kwa nyuzi 20 lakini inakubali joto lingine ukibadilisha muda. Maji ya bomba ya Dar mara nyingi yako juu ya hapo, kwa hiyo weka beseni, tia barafu kwenye maji ya beseni (isiingie kwenye dawa), chupa za dawa zikae humo mpaka kipimajoto kishuke. Na hapa ndo kwenye siri yenyewe, dawa ya kutolea picha kama ID-11 usiitumie kavu (yaani ile uliyokwisha kuikoroga, bila kuiongezea maji), ichanganye na maji nusu kwa nusu. HP5 ikiwa kavu inataka dakika saba na nusu kwa nyuzi 20, dawa ikiwa ya moto zaidi muda unashuka mpaka karibu dakika tano, na ikiwa chini ya tano filamu inaweza kutoka na mabaka. Nusu kwa nusu ni dakika 13, hata joto likipanda bado una muda wa kutikisa taratibu tangi lenye filamu na dawa. Ukimaliza itundike na zima feni, vumbi likiganda kwenye filamu mbichi halitoki.

Kwa asiyetaka dawa nyumbani ipo XP2 Super, nyeusi na nyeupe pia ila inasafishwa kwa dawa za rangi, studio yoyote inayosafisha negativu za rangi inaiweza.

Filamu weka friji, itoe kama saa nzima kabla ya kufungua isije ikashika unyevu, na usiiache ndani ya gari. Ndugu anayekuja nayo kutoka nje abebe mkononi, mashine za mizigo mikubwa airport zinaiunguza, na aombe wamkagulie kwa mkono.

Siku ukiwa tayari kwa rangi, chukua Gold 200 nenda Feri saa kumi na moja jioni, kanga za watu zinawaka vizuri sana mwanga ule, ila fanya haraka, huku kwetu jua likishazama giza halichelewi na iso 200 haitakufikisha popote bila flashi.