Saratani ya damu ya kuku na ya binadamu: zinafanana wapi?

Mfugaji wa kuku wa mayai pale Uyole au Kihesa akimpasua kuku aliyekonda na kufa, akakuta ini limejaa tumbo zima na bandama imeota vinundu vyeupe, atajiuliza kama hii siyo saratani ya damu inayowapata watu. Kuna wanaosusa mayai ya banda zima. Wengine husema ya kuku ni ya kuku, sisi hayatuhusu. Nadhani wote wameshika nusu ya ukweli.

Kufanana kupo, tena kwa ndani. Mwaka 1908, nchini Denmark, Vilhelm Ellermann na Oluf Bang walichukua sampuli za kuku wenye saratani ya damu, wakazichuja hadi zisibaki na seli, wakawadunga kuku wazima, nao wakaugua. Kilichopita kwenye chujio kilikuwa kirusi cha lukosisi, yaani saratani hiyo ya damu ya kuku. Kirusi hicho hujipachika kwenye vinasaba vya seli, mara nyingi jirani na jini (kipande cha vinasaba) iitwayo myc, na seli zikaanza kugawanyika ovyo. Jini hiyohiyo ndiyo inayovurugika kwa watoto wenye uvimbe wa saratani wa Burkitt, ule wa taya ulioelezwa kutoka Uganda mwaka 1958. Kuku humwambukiza kifaranga kupitia yai. Binadamu naye ana kirusi chake, HTLV-1, kinachoweza kupita kwenye maziwa ya mama, na wachache kati ya walionacho hupata saratani ya damu miaka mingi baadaye. Kwa hiyo anayedharau saratani ya kuku anadharau mwalimu mkubwa wa madaktari.

Ila kufanana si kuambukizana. Wanajeshi wa Marekani waliochanjwa homa ya manjano wakati wa Vita Kuu ya Pili walipewa chanjo iliyooteshwa kwenye mayai ya kuku, ikiwa na virusi vya lukosisi ndani yake. Walipofuatiliwa, matokeo yaliyotoka 1972 hayakuonyesha saratani kuwazidi wenzao. Hilo kwangu lina uzito kuliko uvumi wowote wa sokoni. Tena saratani nyingi za damu kwa watu hazitokani na kirusi kabisa. Ni vinasaba kuharibika, mara nyingine kwa mionzi au kemikali kama benzini. Ninachokiogopa ni hofu ya bandani kuingia sebuleni: mtoto mwenye saratani ya damu anarudi kutoka hospitali ya rufaa, anatengewa kikombe na sahani. Huo ni ukatili usio na sababu. Kuku mgonjwa asiliwe, sawa, afukiwe, mtoto akumbatiwe.

Kwa mfugaji, tatizo halisi ni lukosisi na mahepe (ugonjwa wa Marek, nao wa virusi) kufanana machoni. Yote mawili huvimbisha ini. Mahepe mara nyingi huanza mapema na kupoozesha miguu, mmoja mbele, mwingine nyuma; lukosisi huua zaidi kuku waliokaribia kutaga au wanaotaga. Mahepe ina chanjo, hutolewa kifaranga akiwa wa siku moja. Lukosisi haina, hivyo muulize anayekuuzia vifaranga kama kuku wazazi wamepimwa, na mzoga upeleke maabara ya mifugo kabla hujaagiza wengine.