Mbegu Tatu za Kijani

Msimu wa kwanza nilipopanda tango chotara nyuma ya jikoni, hapa Tororo, mpakani mwa Uganda na Kenya, nilinunua mbegu ishirini. Muuzaji wa duka la pembejeo alifungua kopo, akanihesabia juu ya meza kwa ncha ya kisu, akazifunga katika karatasi aliyochana kwenye daftari. Nyingi zilikuwa na rangi ya waridi, rangi ya ile dawa inayopakwa mbegu zisioze ardhini. Tatu zilikuwa za kijani. Nilipofika nyumbani nilizitenga hizo tatu, nikiamini ni za kopo jingine na zimeingia kwa bahati mbaya. Nikazitupa. Zile kumi na saba nikazipanda mvua za Machi zilipotulia.

Zikaota kumi na tano. Sikuwa nimeona tango lenye afya namna ile. Majani mapana, shina nene, na mikono yake ikashika kamba za katani ikapanda kichanja kana kwamba kuna mtu anaivuta juu. Wiki ya tano maua yakafunguka, na nyuma ya kila ua palikuwa na kitango kidogo, urefu wa kiungo cha kidole. Mama yangu, ambaye amelima matango na maboga tangu sijazaliwa, akainama akayatazama moja baada ya jingine. Akasema, "Mwanangu, haya yote ni majike. Mabwana zao wako wapi?"

Nilimjibu kwamba chotara ndivyo lilivyo, linazaa sana. Ndani ya siku kumi vile vitango vikageuka manjano, vikasinyaa kuanzia nchani, vikaanguka. Sikuvuna hata kachumbari moja.

Nimeandika haya kwa sababu tangu siku hiyo nimezungumza na watu wengi wenye bustani ndogo, hapa mjini na kule Malaba na Busia, na hadithi zao zinafanana na yangu kuliko nilivyotarajia. Karibu wote wamefikia uamuzi mmoja: chotara ni la wenye mashamba makubwa, sisi wa nyuma ya jikoni tubaki na mbegu zetu. Mimi siukubali uamuzi huo. Tango chotara linaifaa bustani ya nyumbani, pengine kuliko linavyolifaa shamba, kwa kuwa nyumbani nafasi ni ndogo na kila shina lina thamani. Kinachotuangusha ni jinsi tunavyouziwa: mbegu ishirini katika karatasi tupu, bila neno hata moja.

Mbegu zile za kijani zilikuwa mabwana aliowauliza Mama. Tango la kienyeji, na aina nyingi za zamani, hutoa maua dume na maua jike juu ya shina moja. Dume hutangulia, na ndiyo maana mtu huona maua ya kwanza yakidondoka bila tunda akaanza kuhangaika bure. Jike hufuata, na unalijua kwa kile kitango kilicho nyuma yake. Sasa wazalishaji wa mbegu walipata mistari ya matango, yaani koo zinazotunzwa bila kuchanganywa, inayotoa karibu majike matupu, wakaitumia kuzaa machotara yanayobeba sana, kwa sababu kila ua ni tunda linalongoja. Lakini jike linahitaji chavua. Kwa hiyo katika pakiti huchanganywa mbegu chache za tango la kawaida lenye madume, kama 10 hadi 15 kwa kila 100, na kwa kawaida hupakwa rangi tofauti ili mkulima azitambue na kuzilinda. Mimi nilizitambua, nikazitupa. Kwenye pakiti jambo hilo huandikwa. Karatasi ya daftari haikuwa na maandishi.

Fikirieni pia yule jirani ambaye kisu cha muuzaji hakikumhesabia hata moja ya kijani. Mbegu ishirini kutoka kopo la mbegu elfu moja, hilo linawezekana kabisa. Huyo hakutupa kitu, alifuata kila alichoambiwa, na bado hatapata tunda. Atasema udongo wake ni mbaya. Wengine watamwambia amerogwa.

Wapo wanaodhani maboga yaliyo ukingoni mwa shamba yataliokoa tango kwa kuwa maua yanafanana rangi. Hapana. Ni ndugu wa ukoo mmoja, lakini chavua ya boga haizalishi tango. Msimu ule nilikuwa nimeng'oa matango ya Mama ili kupisha chotara langu, na jirani zangu wa karibu hawakulima matango. Nyuki walikuja kila asubuhi, nikawaona kwa macho yangu, wakitembea jike hadi jike bila kubeba chavua ya tango.

Siwalaumu wauza pembejeo peke yao. Kopo la mbegu elfu moja ni la mtu mwenye shamba. Mwenye kitalu cha hatua nne kwa sita hawezi kulinunua, na muuzaji anamhurumia, anampimia. Huruma hiyo ni ya kweli. Ila kopo linapofunguliwa, mnunuzi anapoteza jina la aina, tarehe ya mwisho, na zile sentensi tatu zinazoamua kama atakula au hatakula. Hapa Uganda tuna sababu za kutosha za kuogopa mbegu isiyo na jina. Mwaka 2017 watafiti wa uchumi walichapisha uchunguzi wa pembejeo za madukani nchini mwetu. Mbolea ya urea waliyoipima ilikuwa imepungukiwa kama 30% ya naitrojeni, na mbegu za mahindi zilizouzwa kama chotara walikadiria kwamba chini ya nusu ndizo zilikuwa chotara halisi. Hayo ni mahindi, zao ambalo serikali na makampuni wanalitolea macho. Tango la kachumbari nani analitazama? Sheria ya Mbegu na Mimea tunayo tangu 2006. Kazi yake isiishie mlangoni mwa ghala, ifike mpaka mezani panapopimwa kwa kisu.

Na lugha. Pakiti nilizowahi kuzishika zimeandikwa Kiingereza, nyingine na lugha za Ulaya nisizozitambua. Katiba yetu ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia kitumike rasmi. Huku mpakani hatukungoja ruhusa: Mteso, Mjapadhola na Msamia wakikutana sokoni wanauziana kwa Kiswahili. Maneno "panda pamoja na mbegu za kijani" yangetosha kuniokoa mimi na msimu wangu mzima.

Msimu wa pili, Septemba, nilirudi dukani nikiwa na maswali. Ni la majike matupu au mchanganyiko? Mabwana wako wangapi? Muuzaji, mwanamume mpole, alikiri kwamba hajui. Tukalisoma kopo pamoja, yeye akisoma na mimi nikifasiri. Safari hii mbegu za kijani nilizipanda kwanza, nikazipa sehemu ya katikati, na kila moja nikaiwekea mti wake wenye kitambaa chekundu ili asije mtu akaing'oa wakati wa kupunguza miche.

Nilipanda mbegu moja kila shimo, shimo na shimo hatua moja ndogo, kama sentimita 40, samadi ya mbuzi iliyooza vizuri ikichanganywa na udongo wiki mbili kabla. Juu nikatandaza majani makavu ya migomba. Maji asubuhi, shinani, kamwe si juu ya majani, kwani jani la tango likilala na unyevu hualika ubwiri. Tango ni maji zaidi ya 95%, na ukilisahau siku tatu kwenye jua la hapa litakukumbusha kwa uchungu wake. Uchungu ule ni kinga ya mmea, huongezeka ukipata kiu na joto, na hukaa zaidi upande wa kikonyo na chini ya ganda. Machotara mengi yamechaguliwa yasiwe nao, na hiyo ni moja ya sababu ninayatetea. Watoto wangu hula tango bila kumenya, wanalivunja kama muwa.

Asubuhi zenye mawingu, nyuki walipochelewa, nilifanya kazi yao. Unachuma ua dume lililofunguka siku ile ile, unachana petali zake, unaligusisha taratibu katikati ya ua jike. Ua la tango hufunguka siku moja tu, kwa hiyo ukisema utafanya kesho, kesho ni ua jingine. Jike likipata chavua kidogo, tunda huja limepinda kama mundu, limenona upande mmoja na kukonda upande mwingine. Wengi hulitazama tango la namna hiyo wakadhani lina ugonjwa.

Siku ya 48 nilivuna la kwanza. Baada ya hapo, kila siku ya pili, ndoo. Hapo pana jambo ambalo wapya hulikosea kwa upendo: wanaliacha tango shinani linenepe. Ukiliacha likakomaa, shina huona kazi ya kuzaa imekwisha, na maua mapya hupungua. Chuma likiwa bado changa, hata kama roho inauma. Tulikula, tukagawa, tukauza kwa mama mmoja anayepika chapati za mayai kituo cha bodaboda.

Mama aliacha tunda moja liive mpaka likawa la manjano. Sikumkataza. Alilipasua, akaziloweka mbegu na ute wake siku tatu, akaziosha, akazianika juu ya ungo, akazichanganya na jivu ndani ya chungu chake, kama alivyofundishwa na mama yake. Nilipaswa kumwambia siku ile ile. Nilinyamaza kwa sababu ya sura aliyokuwa nayo wakati anazianika.

Alizipanda msimu uliofuata, na kila shina likaja na tabia yake. Moja lilijaa madume, halikufikisha matango matano. Jingine lilizaa matango mafupi yenye miiba, machungu mpaka kuku waliyaacha. Mawili yalikuwa mazuri karibu kama mzazi wao. Maandishi F1 kwenye kopo maana yake ni kizazi cha kwanza cha mistari miwili iliyotunzwa kando kando, na watoto hao wa kwanza hufanana wote. Wajukuu hutawanyika, kila mmoja akirudi kwa babu yake. Mama alinisikiliza nilipomweleza. Kisha akauliza, "Kwa hiyo huwa unanunua msimu, hununui mbegu?" Hakuna mtaalamu aliyewahi kunieleza chotara kwa maneno mafupi zaidi ya hayo. Nilisikia pia huzuni ndani ya sauti yake, na huzuni hiyo ninaiheshimu. Mwanamke aliyehifadhi mbegu miaka hamsini anaambiwa chungu chake hakina kazi.

Chungu kina kazi. Nilimtafutia Marketmore, aina ambayo si chotara, iliyozalishwa na Henry Munger wa Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani, na hapa kwetu inapatikana. Mbegu yake ukiihifadhi, mradi haikuchanganyika na tango jingine, itakurudishia tango lile lile. Hilo sasa ni la Mama, liko upande wa mashariki karibu na mboga zake za majani, dodo na nakati.

Mimi nimehamia chotara la namna nyingine, lile linalozaa bila chavua kabisa. Tunda lake halina mbegu za kukomaa. Ndilo ninalomshauri mwenye bustani ya nyumbani, na nitaeleza kwa nini. Adui wetu mkubwa ni nzi wa matunda. Hutaga ndani ya kitango kichanga, unakuta tunda limeoza kabla halijafika kiganja, limejaa funza. Watu hupiga dawa, mita tano kutoka mahali watoto wanapochezea, na dawa hiyo hiyo huua nyuki. Tango linalohitaji nyuki huwezi kulifunika muda wote. Hili lisilohitaji, nimelifunika na chandarua tangu maua ya kwanza, nzi wanabaki nje. Nyuki nao wanabaki nje, na ni vyema hivyo, kwani wangeleta chavua ya Marketmore ya Mama, matango yangu yangeota mbegu na kuvimba upande mmoja. Mashina matano tu yanatosha nyumba ya watu saba. Tangu nilipoweka chandarua sijanunua dawa.

Mbegu zake ni ghali, hilo sitalificha. Kila moja ina bei ambayo Mama aliposikia alishika kifua. Lakini nikihesabu bei hiyo kwa ndoo, na kwa chupa za dawa ambazo hazikuingia nyumbani mwangu, nalipa bila kinyongo. Ninachotaka ni kwamba nikilipa, niambiwe ninalipia nini.

Wiki iliyopita nilipita dukani kumchukulia jirani mbegu kumi za lile la majike. Muuzaji alifungua kopo, akahesabu nane za waridi, kisha akaingiza kisu tena, akatafuta kwa utaratibu mpaka akapata mbili za kijani. Akazifunga. Kabla hajanipa, alichukua kalamu akaandika juu ya karatasi jina la aina, tarehe iliyo kwenye kopo, na chini yake: "Za kijani ni madume. Usitupe."