Kalenga na Lugalo haziko njia moja

Ndugu mwandishi, hiyo ziara uliyoiandika, ya Kalenga na Lugalo huko Iringa kwa daladala moja, haipo. Lugalo, Wahehe walikoteketeza kikosi cha Wajerumani cha Zelewski Agosti 1891, iko barabara ya Dar ukitoka Iringa mjini. Kalenga, palipokuwa na ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, iko upande wa pili, barabara ya Ruaha. Kinachoendana na Kalenga ni Mlambalasi, alikojiua Mkwawa mwaka 1898. Kaburi lake liko huko, ila fuvu lake, lililorudishwa kutoka Ujerumani 1954, liko makumbusho ya Kalenga ndani ya kioo. Kwenda Mlambalasi chukueni bodaboda, mpatane kabisa bei ya kwenda, kusubiri na kurudi. Mkisahau kusubiri, mtarudi kwa miguu. Ngome yenyewe ya Kalenga msiitegemee sana: baada ya mizinga ya Wajerumani, 1894, yamebaki mabaki ya kuta tu.